Kompyuta Nyepesi ya Mtani

Alhamisi, 10 Julai 2003

Upepo. Vumbi mpaka kwenye chai. Yoramu ameingia ofisini na tusi lake la kila asubuhi: wapagazi mmeshaamka, mizigo iko wapi? Nikamjibu arudishe kwanza hongo ya maji, ule ushuru ambao babu zake waliwatoza babu zangu walipopita na misafara. Mfanyakazi mgeni kutoka Dar akabaki mdomo wazi. Hajui kwamba mimi Mnyamwezi na Yoramu Mgogo ni watani. Matusi ndiyo salamu yetu, miaka yote hii chumba kimoja, yeye na taipu yake, mimi na yangu.

Mchana, waraka. Taipu zinaondolewa. Wachapaji wawili ni wengi, atabaki mmoja. Mtihani wa kompyuta tarehe 24. Kompyuta za ofisi bado zimekwama bandarini, kwa hiyo kila mtu aje na yake.

Yoramu kacheka. Mimi sikucheka. Sina mume, sina shamba. Yeye ana kwao Haneti, ana ng'ombe, ana mke anayelima. Anipishe.

Jumamosi, 12 Julai

Duka la kompyuta za mitumba, Barabara ya Tisa. Ninazoziweza kwa bei ni tatu tu. Moja nyeusi, ndogo, herufi zimefutika kwenye vibonye. Moja ya rangi ya fedha, nyembamba, inang'aa, bibi harusi mtupu. Ya tatu ya kijivu, kubwa, nzito kama jiwe la kusagia.

Muuzaji alikwenda kuswali adhuhuri akaniacha nazo. Nikazichapa kwa zamu. Ile ya fedha ikapata moto tumboni, ikazimika. Nikaiwasha. Ikazimika tena, na nilichoandika chote kimepotea. Ya kijivu haikutetereka. Nyeusi vilevile. Herufi za nini? Sijatazama vibonye tangu nilipokuwa msichana chuoni.

Nimechukua nyeusi. Imeingia kwenye kikapu cha sokoni, khanga juu yake. Hapa Nkuhungu hakuna jirani aliyejua nimebeba nini.

Jumatatu, 14 Julai

Yoramu ameuza ng'ombe. Anakwenda dukani jioni. Kaja mezani kwangu, uso mkavu, hana tusi hata moja.

"Mtani, wewe umeziona. Nichukue ipi?"

Ningeweza kumjibu hivyohivyo, taratibu, wawili sisi. Nilijua hilo palepale. Nikapaza sauti ofisi nzima isikie: "Chukua ile nzito ya kijivu! Ya fedha inazimika kama akili ya Mgogo jua la saa sita!"

Kicheko. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. "Aka! Wa kubeba mizigo ni nyie. Unataka kunifanya mpagazi kama babu yako?"

Nimesema ukweli mtupu. Sikuchanganya na neno moja la uongo. Jioni nimekula ugali wote na mlenda, nikakomba bakuli.

Jumanne, 15 Julai

Kaja na ya fedha. Anaizungusha meza hadi meza.

Mjinga.

Jumatatu, 21 Julai

Ameshajua kwamba inazimika. Muuzaji amekataa kuirudisha. Lakini Yoramu hakosi dawa: anajifunzia nje alfajiri, kwenye baridi na upepo, na anasema huko inakaa vizuri kabisa. Anaona imepona. Mkewe anamshikia taa. Amenihadithia haya yote kwa furaha, kama mtu aliyemfundisha mbuzi kusoma.

Saa nne bosi akaniita. Kwa kuwa chumba ni chetu, mtihani uwe asubuhi au mchana? Nikasema asubuhi vidole vinakufa ganzi kwa baridi, mzee. Saa sita vitakuwa vimechangamka.

Sitaki kuandika zaidi leo.

Alhamisi, 24 Julai

Madirisha yalifungwa kwa ajili ya vumbi. Bati juu, jua juu ya bati. Tulipewa hotuba moja tuichape. Yoramu alianza kwa kasi, vidole vyake bado ni vya kuogopwa. Amenipita. Nilisikia anavyonipita.

Halafu kimya upande wake.

Akaiwasha. Akaanza upya. Kimya tena. Mara ya tatu alivua koti akawa anaipepea nalo. Msimamizi akatazama pembeni. Mimi niliendelea kuchapa. Sikukosea neno.

Baadaye akasimama mbele ya wote akasema mtani wake alimwonya na yeye akadhani utani. Kosa lake mwenyewe, wasimlaumu mtu. Watu wakacheka kidogo, kwa huruma.

Nilimchukia sana wakati ule. Bora angenitukana.

Alhamisi, 31 Julai

Siku yake ya mwisho. Amefunika taipu yake kwa kitambaa ingawa inakwenda kutupwa. Wengine walipotoka kwenda kula, akaja akakaa kwenye kiti cha wageni.

"Siku ile ulikuwa unatania au ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa natania."

Hilo ndilo neno langu la kwanza la uongo katika jambo hili lote.

Akanitazama. Akainuka, akaenda kwenye mtungi wa maji pale pembeni, akarudi na kikombe kimejaa. Akakiweka mbele yangu kwa mikono miwili.

"Kunywa, mtani. Haya hayana hongo."

Nimekunywa yote. Amesimama ananiangalia mpaka nikamaliza. Kisha kachukua koti na ile kompyuta yake, kaenda kusubiri basi la Haneti.

Jumatatu, 4 Agosti

Upepo umetulia. Nimefika mapema, nimefuta vumbi kwenye meza zote mbili. Mgeni wa Dar amenisalimia vizuri, shikamoo mama. Wengine wamepita kimya kwenda kwenye kazi zao.

Mpaka saa kumi hakuna aliyeniita mpagazi.