Nyuzi za Mama

S.L.P. 60,
Malaba.
19 Agosti 1995

Mpendwa Mama mdogo Selpher,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumba hii. Je, baridi ya Kericho imepungua? Kile kikohozi chako kiliisha? Sisi huku tunashukuru Mungu, na mvua ya juzi imelaza vumbi la malori. Nimejifungia chumbani nikuandikie bila haraka, maana tangu uondoke sina mtu wa kuongea naye vizuri.

Kwanza habari njema. Mama amejifungua mtoto wa kiume. Ana masikio yako, yale ya kusimama, na akilia unafikiri ni honi ya lori linalodai njia mpakani.

Lakini mtoto alikuwa mkubwa na Mama alichanika. Sista wa zahanati alimshona. Naona haya kukuandikia mambo haya, ila kwa mdomo nisingeweza kabisa.

Sista alisema Mama awe anakaa ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kisha ajikaushe kwa kugusagusa tu, asisugue. Akienda haja ndogo, ajimiminie maji polepole ili mkojo usimchome. Alale kwa ubavu, ale papai na mboga ili choo kisiwe kigumu. Kazi hiyo ni yangu. Maji nayachemsha na kuyaacha yapoe, vitambaa navianika juani na kuvipiga pasi ya makaa.

Nililoshindwa ni moja. Sista alisema mtu awe anakiangalia kidonda kila siku. Unajua ilivyo kwetu, binti haangalii uchi wa mamake. Hiyo ni kazi ya dada, na dada ni wewe. Mama husema nilipozaliwa mimi ni wewe uliyemuuguza, ukimchekesha mpaka nyuzi zikamuuma. Baba naye yuko Rukala, mto umeingia tena nyumbani kwa Babu.

Jirani yetu Mama Okiror alikuja na sufuria la maji yanayotoa mvuke, yamejaa majani, akitaka kumkanda Mama nayo. Nilisimama mlangoni nikamzuia.

"Samahani, Mama Okiror. Hayo ni ya moto sana, nyuzi zitaachia."

"Maji yasiyochoma ni ya kuogea bata! Nani amekudanganya?"

"Sista alisema hivyo. Hata kitabu cha shule kinasema."

"Hicho kitabu kimezaa watoto wangapi?"

Mama ndiye aliyeniokoa, akisema kutoka kitandani: "Mama Okiror, yakipoa kidogo nikande miguu, imevimba. Huko kwingine mwachie mwalimu wangu." Basi alimkanda miguu huku wakicheka, nami nikapumua.

Baada ya hapo Mama alibadilika. Aliacha kukaa kabisa, akawa ananyonyesha akiwa amelala, na mwili ulikuwa moto. Nikimwuliza anasema ni uchovu. Nilimpa kile kioo changu kidogo ajiangalie mwenyewe, nikakaa nje ya pazia nimempa mgongo.

"Mama, kuna wekundu?"

"Kila kitu ni chekundu, mwanangu. Si nimezaa?"

"Na usaha?"

"Hiki kioo chako kinanionyesha paa na buibui. Mimi sioni kitu."

Nilicheka. Kisha nikasikia kwamba yeye hacheki, analia. Akasema polepole, "Selpher angekuwa hapa." Tulikaa hivyo, kila mtu upande wake wa pazia. Halafu akaniita.

"Vivianne. Geuka. Hakuna mwingine."

Niligeuka, Mama mdogo. Niliangalia. Uzi mmoja ulikuwa umeachia na usaha ulikuwa unatoka. Nikamwambia tunarudi kwa sista sasa hivi.

Baiskeli ya boda boda asingeweza kuikalia. Nilimkimbilia Paulinus, yule anayesukuma mizigo ya watu mpakani, akaleta mkokoteni wake. Tulitandika godoro, Mama akalala kwa ubavu amejifunika leso, nami nimembeba mtoto. Tulipopita kwenye foleni ya malori, utingo mmoja alipaza sauti, "Mama, leo unavushwa wewe kama magendo?"

Mama akafunua uso. "Ushuru wangu nilishaulipa wodini! Tupishe!"

Walicheka, wakatusogezea makreti ya soda tupite. Sista alikisafisha kidonda, akatugombeza kwa kuchelewa, akatupa dawa. Sasa homa imekwisha na kidonda kinakauka. Jana Mama alikaa kwenye kiti, taratibu, akanyonyesha kama watu wengine.

Kila asubuhi naangalia. Yeye hufunika uso kwa leso, nami huuma mdomo. Hatusemeshani mpaka chai iive. Nilimwuliza kama nimejiletea laana. Akasema, "Kamwulize Selpher, nafasi ilikuwa yake." Ndiyo maana nakuuliza.

Shule itafunguliwa Septemba nami nitarudi bweni. Mama hawezi kukuomba uje, anasema kazi ni kazi na Kericho ni mbali. Lakini basi la Kisumu, lile unalokuja nalo, likisimama pale stendi, Mama huacha kuongea na kutazama mlango mpaka liondoke. Mimi nimeishika nafasi yako kwa mikono miwili, lakini si yangu. Njoo uichukue, hata kwa siku chache.

Nisalimie Baba mdogo Oundo na binamu yangu Bridgit. Mama Okiror anasema ana majani ya kikohozi chako pia. Mungu akulinde kwenye mashamba hayo yenye ukungu na akufungulie njia ya nyumbani.

Ni mimi mwanao nikupendaye na kukungoja,
Vivianne