Prosesa ya Bei na Mshipa Wangu

Kisauni. Jumamosi, mwezi wa tano, 1996.

Mvua tangu alfajiri. Kongowea sokoni matope mpaka kwenye vifundo.

Naogopa. Ndilo la kwanza kuandika, mengine yote yafuata hilo.

Mshipa, hii ngiri yangu, umeshuka tena asubuhi. Tulikuwa twashusha viazi kwenye lori la bara, mimi na Chengo, mwenzangu wa mkokoteni. Nlipoinama kuchukua gunia nikasikia kitu chateleza chini ya kitovu, kama samaki anayekuponyoka mkononi. Nikalala chali juu ya magunia, nikakisukuma kwa vidole mpaka kikarudi ndani. Jasho la baridi likanitoka. Zamani kilikuwa charudi chenyewe nikilala tu. Siku hizi chabishana.

Chengo alisimama akaniziba watu wasione. Kisha akacheka, ndivyo alivyo.

"Baba Zuhura, hilo tumbo lako litazaa lini? Nataka kula ubwabwa wa arubaini."

"Jumatatu," nikamwambia.

Akaacha kucheka.

Jumatatu ndiyo siku yangu ya kupasuliwa. Daktari alinambia huu mshipa siku ukitoka ukakataa kurudi, utumbo utaoza huko huko, na mtu hachukui muda kufa. Alinambia polepole, kama anayemweleza mtoto. Nimeweka pesa tangu mwaka jana. Sasa zimetimia. Nlikuwa nategemea zisitimie.

Hapo ndipo prosesa ilipoingia.

Zuhura ni mwanangu wa pekee. Ana chumba chake cha kupiga chapa, mlango wa barabarani, ukuta mmoja na chumba changu. Barua, mitihani ya shule, kadi za harusi. Kompyuta yake aliinunua kuukuu, nayo imechoka. Unabonyeza herufi, unangoja, ndiyo yatokea. Wateja wanakaa kwenye benchi wanaangalia saa. Wiki hii kuna waliochukua karatasi zao wakavuka nazo daraja kwenda mjini. Usoni nimemwona mtoto yuaumia.

Leo adhuhuri fundi alikuja. Kijana wa bara, yuaitwa Mwangi. Akafungua lile sanduku kwa bisibisi. Mimi nlitarajia mtambo. Nimeona nyaya, vumbi na mjusi aliyekauka. Akang'oa kitu kidogo, ukubwa wa kashata, chini kina miguu mingi kama tandu. Ati hiyo ndiyo prosesa. Ndiyo akili yenyewe.

Alikuja na mbili za kubadilisha. Moja ya kawaida. Nyingine ya bei, ina feni yake mgongoni. Ya kawaida, pesa za Zuhura mwenyewe zaitosha. Ya bei nikauliza kiasi gani. Akataja.

Ilikuwa inamaliza pesa zangu za mshipa zote.

Wallahi nlisikia moyo umetulia. Mara ya kwanza wiki nzima.

"Weka hiyo ya bei," nikasema.

Zuhura akanitazama. "Baba, ya kawaida yanitosha. Mimi napiga barua. Barua haziendi mbio."

"Kitu rahisi hakidumu."

"Hata hujui kazi yake ni nini!"

"Muulize fundi."

Fundi naye yuko kazini. "Mzee anaona mbali," akasema. "Hii ya kawaida mwaka ujao ni takataka, sista. Hii ingine utachora picha, utaona sinema, itapaa tu. Ni kama kutoka kwa mkokoteni uingie kwa lori."

Nlimpenda yule kijana. Alinipa maneno nliyokuwa sina. Nikayarudia yote kama kasuku, picha, sinema, lori. Zuhura akarudi kwenye karatasi zake. Ni mtoto wa adabu, hawezi kunibishia mbele ya mgeni. Alidhani babake amemwonea huruma.

Haikuwa huruma.

Hili naliandika wazi. Nlitaka ile prosesa imeze zile pesa, ili Jumatatu nisiwe na kitu mkononi. Ingekuwa birika la kuchemshia maji kwa bei ile, ningelinunua. Mtu akiniuliza mbona hukwenda hospitali, ningesema nimemsaidia mwanangu. Ningesifiwa mtaa mzima.

Mamake Zuhura aliingia chumba cha kupasuliwa akitembea kwa miguu yake. Alinipa viatu vyake nimshikie. Akanambia, "Usiviweke chini, sakafu chafu." Nikavishika. Madaktari walipotoka waliniambia damu imekataa kusimama. Hakuna aliyekosea, na sikumlaumu mtu. Lakini ile milango, ile ya kusukumwa, inayojirudi yenyewe, naiona mpaka leo. Mimi gunia la viazi nabeba. Mlango ule siuwezi.

Basi nikaenda kuchukua pesa.

Sisi mahamali hatuna benki. Twaweka kwa Mzee Salim, mwenye duka la nafaka nyuma ya soko. Kila mtu na mfuko wake wa kitambaa. Ana desturi yake moja. Siku ya kuweka unataja nia, mbele ya waliopo. Za mahari. Za mabati. Za mshipa. Siku ya kutoa anakuuliza tena, nawe unataja tena. Pesa ni zako, hakunyimi. Lakini kama nia imegeuka, utasema na watu watasikia. Wengi wameokoka na ulevi kwa hilo tu, kwa aibu ya kutaja.

Nlipanga kusema, "Nimegeuza nia, ni za kompyuta ya mwanangu." Njia nzima nlikuwa najizoeza, midomo yatembea kama mwendawazimu.

Dukani nimekuta mahamali wamejikinga mvua, magunia matupu kichwani. Chengo naye yuko.

"Salamu alekum, Mzee Salim."

"Waalekum salamu, Baba Zuhura. Afya?"

"Alhamdulillahi. Nimekuja kuchukua."

"Nia?"

Wote wakanitazama. Chengo alikuwa yuatabasamu, anajua ni za hospitali, na anafurahi.

"Za mshipa," nikasema.

Yalitoka yenyewe. Nami nlikuwa nimesahau jambo. Mtu akitoa za ugonjwa, Mzee Salim huinua mikono. Wallahi nlisahau. Akaniombea dua ndefu. Mkono wa daktari uwe mwepesi. Nirudi kwa mwanangu nikiwa mzima. Nirudi kazini na nguvu zangu. Mahamali wakasema amin, amin, na matope yao. Chengo si Mwislamu, lakini amin yake ilikuwa na sauti kuliko ya yeyote. Kisha akanishika bega. "Jumatatu nakusindikiza mimi. Mkokoteni nao upumzike."

Nimewaitikisha watu amin juu ya uongo.

Nlitoka na mfuko ndani ya shati. Nlidhani ntasikia nafuu, maana pesa nshazipata. Nafuu haikuja. Kisu nakiogopa, lakini kisu ni cha daktari. Ile dua ishatoka, ishapanda, na mwenyewe aliyeombewa yuko njiani kwenda kununua feni. Nikawa naogopa huku, naogopa na huku. Hakukuwa na upande wa kukimbilia.

Mshipa nao ukashuka hapo hapo njiani. Nikaegemea ukuta wa nyumba ya watu, mkono mmoja nausukuma, mkono mwingine nimeshika pesa za kuutibu. Msichana akapita, akaniambia shikamoo. Nikamwitikia marahaba mwanangu, kama mtu aliyesimama kupunga upepo. Kwenye mvua.

Haukurudi upesi. Nlihesabu pumzi. Nikasema labda ndiyo hii, ile aliyoisema daktari, hapa, kwenye ukuta wa watu. Halafu ukarudi.

Nikafika kwa Zuhura, nikauweka mfuko mezani. Fundi akanyoosha mkono. Zuhura akamuwahi. Mfuko aujua, aliushona yeye.

"Baba, huu si wa hospitali?"

Nikapangusa maji ya mvua usoni.

"Jumatatu utakwenda na nini?"

"Ntakwenda siku nyingine."

"Na Mzee Salim ametoa tu, hakuuliza nia?"

"Ameuliza. Ameniombea na dua."

"Dua ya kompyuta?"

Hapo nlikaa kwenye benchi la wateja. Nikasema, "Mwanangu, naogopa."

Hajapata kulisikia neno hilo kwangu. Hata kwenye matanga ya mamake sikulisema. Likawa limetoka, nikalimalizia. "Naogopa watanilaza nisiamke."

Fundi akarudisha mkono mfukoni. "Mzee, hiyo pesa imeombewa. Mimi siigusi, niko na watoto." Akachukua ile prosesa ya kawaida akaanza kuipachika, bila kuambiwa na mtu.

Nlidhani Zuhura atalia, au atanibembeleza. Hakufanya hivyo. Akakaa kando yangu, mfuko ameupakata. Akasema, "Mimi naogopa ukikohoa, usije mshipa ukashuka. Kila ukikohoa naacha kupiga chapa, nasikiliza kama utanyamaza au utaniita."

Sikuwa nalijua hilo. Nadhani naficha, kumbe mtoto yuaishi na sikio lake ukutani.

Kompyuta ikawashwa. Unabonyeza, herufi hiyo hapo. Zuhura akapiga barua ya mtu aliyekuwa yuangoja tangu jana, ikaisha, akalipwa. Nikamuuliza fundi, "Si ulisema hii ni takataka?"

"Ile ilikuwa biashara, mzee."

Nimejiuliza kama ile ya bei ilikuwa na maana yake. Pengine kwa mwenye kazi ya picha na sinema. Kwa barua za Kisauni ingekuwa ni lori zima kubebea kikapu cha mchicha. Na nlijua. Nlijua tangu mtoto aliposema barua haziendi mbio. Sikutaka kusikia kwa sababu nlikuwa sinunui prosesa. Nlikuwa nanunua Jumatatu isifike.

Jumatatu haiuzwi.

Sasa jua lazama, mvua imekuwa ya manyunyu. Mfuko nimemwachia Zuhura. Alitaka kunirudishia, nikakataa. Nikiwa nao peke yangu ntatafuta kitu kingine cha kununua. Mabati, mbuzi, lolote.

Sijarudi kwa Mzee Salim kutubu. Nimefikiria, nikaona sina la kumwambia bado. Nimesema za mshipa. Nikiingia mlango ule Jumatatu, nlisema kweli. Nikigeuka mlangoni, nlisema uongo, na wale watu wote wameitikia uongo pamoja nami. Iko mikononi mwangu mpaka dakika ile.

Daktari amesema nisile kitu kuanzia usiku wa kuamkia siku yenyewe. Hilo halina taabu. Tangu juzi chakula chapita kama mchanga.

Ujasiri nimeutafuta leo mchana kutwa, sikuuona. Zuhura naye hana wa kunigawia.

Ntakwenda bila.