Kwenye Jani Moja

Deo, omunywani wangu,

Tanga lako limeanuliwa. Najua ungetaka kwanza kusikia habari za chakula. Mtu akirudi harusini hukumuuliza bibi harusi alivaa nini. Ulimuuliza walikula nini, nani aligawa, na nani alibaki amesimama. Kwa hiyo nitakueleza yote kama unavyopenda, kuanzia mwanzo, ingawa sijui kama nikifika katikati mkono utakubali kuandika.

Niko dukani. Shemeji yako Hansa yuko nyuma anachagua mchele. Mvua imefukuza wateja, nami sina mtu wa kubishana naye.

Unakumbuka tulivyoanza kubishana? Ulikuwa mwalimu kijana wa Kiswahili, umepanga chumba mtaa wa Bilele hapa Bukoba, na kila jioni ulipita hapa kununua kitu kimoja ambacho hukukihitaji. Chumvi, kiberiti, sindano. Kisha ungeegemea meza yangu na kunisimulia hadithi uliyowafundisha wanafunzi siku ile. Mimi nilikuwa nauza vitenge na chumvi, fasihi naijulia wapi? Lakini ulinifundisha jambo moja ambalo sijaliacha. Ulisema mwandishi akiwaketisha watu wake kula, usitazame sahani, tazama viti. Yule aliyenyimwa kiti ndiye mwenye hadithi. Nikakuambia hata kwetu hekaluni, nyumbani kwa Mungu, ni hivyo hivyo: chakula kinawekwa kwanza mbele yake, ndipo kinagawanywa, na anayefika mwisho anapata sawa na aliyefika mwanzo. Kisha ukasema, "Basi mimi na wewe tunasali kwenye jiko moja." Hansa alicheka mpaka akalazimika kukaa.

Ulikuja kwetu kila Diwali. Ulivua viatu mlangoni, ukakaa chini, ukala vitamu vyote na kuomba vya kubeba. Nami nilikuja kijijini kwenu Rubya kila Krismasi, na pale palikuwa na tatizo, maana mimi sili nyama, sili samaki, na senene, panzi wenu wa kukaanga, ndiyo kabisa. Uliniapia kwamba senene ni mboga iliyoota mabawa. Mama yako hakucheka. Alimtuma mtu kununua chungu kipya, akakitundika peke yake jikoni, na tangu siku ile hakikugusa nyama. Mama alipofariki, mkeo Kokugonza akakirithi. Nilikula ndizi na maharage kutoka chungu hicho miaka yote, pembeni kidogo, kwenye jani langu, huku ninyi mkila kwenye jani lenu. Sikulalamika. Mtu aliyetunziwa chungu ana haki gani ya kulalamika?

Na ile siku ya buni. Nilikuwa kijana bado. Baba yako alikuwa amenipa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama anavyopewa kila mgeni, nawe ukamwambia ghafla kwamba unataka tunywane, niwe omunywani wako. Nilijua maana yake. Kwa wazee wenu, watu wawili wakitaka kuwa ndugu walichanjana kitovuni, wakapaka damu kwenye buni, kila mmoja akameza ya mwenzake. Nilianza kutokwa jasho. Baba yako alinitazama kwa muda, akapasua tunda moja la kahawa kwa ukucha, akanipa buni moja na wewe nyingine, kavu kama zilivyotoka. Alisema, "Hizi zililala ganda moja kabla ninyi hamjazaliwa. Zinatosha." Tukameza. Mimi nilikwamwa kooni, wewe ukanipiga mgongoni.

Tulizeeka hivyo. Jambo moja tu lilikuuma, nawe uliniambia mara moja, siku ya harusi ya binti yako. Watu wote walikwenda kupokea komunyo, nami nikabaki peke yangu kwenye benchi. Uliporudi ukakaa karibu yangu, na baada ya muda ukaninong'oneza: "Meza zote nimekuketisha. Hii siwezi, na inaniuma." Nilikugusa goti.

Sasa, siku ya tanga.

Hatukutaka kuwasumbua. Kokugonza ni mjane wa juzi, nani amfikirishe habari za chungu cha Mhindi? Hansa akapika chakula chetu alfajiri, akakitia kwenye hotipoti, tukafunga duka tukaja. Tulipofika nyumbani kwenu niliona jambo la ajabu. Ng'ombe wa kuchinjwa alikuwa bado amefungwa kwenye mgomba, anatafuna maganda. Jua lilikuwa limepanda, watu wamejaa uani, masufuria ya parokia yanachemka, na hakuna harufu ya nyama hata kidogo.

Kokugonza alitoka jikoni, macho yamevimba, akaona hotipoti mkononi mwa Hansa. Alimwambia kwa upole airudishe garini.

Hansa akamfuata jikoni. Baadaye aliniambia alichokiona. Wanawake wa kijiji walikuwa wamekesha wakisugua yale masufuria kwa mchanga na majivu, ndani na nje, mpaka yakang'aa, mafuta ya nyama yasibaki. Hansa huyu unayemfahamu, ambaye hali nyumbani kwa mtu kama hajui jiko lake, aliingia kati yao. Akachukua kisu, akakaa kumenya ndizi na wenzake.

Mimi nilikuwa nimekaa uani na wazee. Baba yako mdogo, Ta Kamugisha, ndiye mkubwa wa ukoo sasa, nawe unajua alivyo. Alinyanyuka na fimbo yake, akamwita Kokugonza mbele ya watu wote. Walisema Kihaya. Nadhani alisahau kwamba nakielewa, au hakujali.

"Watu wametoka Kagondo, wametoka mjini," alisema. "Tuwape maharage? Watasema mwanangu amezikwa kama mtu asiye na ukoo."

Kokugonza alipiga magoti kama anavyopaswa mke wa nyumba, lakini hakuinamisha uso. "Baba, leo tunamaliza kilio. Wafiwa wanakula jani moja. Omunywani wake ni mfiwa, na nyama hali. Ng'ombe atachinjwa kesho, atakayebaki atakula. Lakini leo sitamweka ndugu wa Deo pembeni."

Deo, uani ungesikia maganda kinywani mwa ng'ombe.

Nilisimama. Nikasema wachinje, nimekula pembeni maisha yangu yote nyumba hii na nimeshiba, heshima ya ukoo isipotee kwa ajili yangu. Nilisema kwa Kihaya changu kibovu, na nilikuwa namaanisha kila neno. Nilitaka kurudi garini.

Ta Kamugisha alinigeukia. Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Kaka yangu alikupa buni?" aliuliza.

"Alinipa, waitu," nilimjibu kwa heshima ya kwenu.

"Ukameza?"

"Nilimeza."

Kisha akaweka fimbo yake ukutani, akainama kwa shida, akavua viatu. Akaingia sebuleni, mahali palipotandikwa nyasi mbichi, akakaa chini. Hakusema amekubali. Alikaa tu, akapiga nyasi kwa kiganja pale kando yake.

Niliingia. Sijui niliingiaje. Walileta jani la mgomba refu kutoka ukuta hadi ukuta, limepitishwa motoni mpaka limelegea. Wakamwaga ndizi, moshi ukapanda hadi darini, wakaweka maharage, nyanya chungu, karanga za kusaga, mboga ambazo hata majina yake siyajui. Mjane wako akakaa. Wanao wakakaa. Hansa akaitwa, akakaa. Ta Kamugisha akasali sala ya mezani, akafanya ishara ya msalaba. Kisha akakata ndizi ya kwanza kwa vidole, akaichovya kwenye maharage, na badala ya kuiweka kinywani mwake akanipa mimi.

Nimeingia mahekalu makubwa, Deo. Nimesimama nyuma ya kanisa kuu lenu watu wakiimba mpaka ukuta unatetemeka. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa kile kipande cha ndizi. Si woga wa kudhuriwa. Ni ule mtu anaoupata akijua kwamba alichoshika si chake, kwamba hakukistahili, na kwamba akikikataa atakuwa amevunja kitu ambacho hakuna fundi wa kukiunga. Nilikila. Kilikuwa cha moto, kikaniunguza ulimi. Nikalia mbele ya wanao, nikiwa na maharage kidevuni, na hakuna aliyegeuka kunitazama. Waliendelea kula. Nadhani ile ndiyo heshima kubwa kuliko zote walizonipa, kuniacha nilie kama mtu wa nyumbani.

Sitakuficha, wapo walioondoka uani wakinung'unika. Mmoja alisema hajaona matanga ya namna hii, leo ni Ijumaa Kuu? Mwenzake akamjibu kwamba kama ni Ijumaa Kuu basi wote wako kwenye neema, apokee sahani. Watu wakacheka, kicheko cha kwanza pale nyumbani tangu tukuzike. Rubisi, pombe yenu ya ndizi, ikaletwa. Waliobaki walikuwa wengi kuliko walioondoka, wakala mpaka masufuria yakagongwa chini.

Jioni wanao walinyolewa. Mimi sikunyolewa, nywele zenyewe ziko wapi? Lakini Kokugonza alinimwagia maji mikononi baada yao, wa mwisho, akanikaushia kwa kanga yake. Alisema, "Sasa shemeji, tumemaliza." Wewe ungepata la kusema, wewe uliyesoma vitabu vyote vile. Mimi nilifikiri tu: nimetafuta miaka yote kuelewa uliponiambia nitazame viti, si sahani, na siku niliyoelewa hupo wa kuambiwa.

Ndiyo maana naandika.

Kuna jingine, la juzi. Ta Kamugisha alikuja mjini kwa ajili ya macho yake, akaingia dukani bila taarifa. Nilimpa maji. Hansa akaleta chapati na dengu, mzee akala polepole, bila kuuliza nyama. Akamuuliza Hansa kama ni kweli huwa tunamtengea Mungu chakula kabla ya kula. Hansa akamwambia ndiyo, kidogo, kila asubuhi. Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasema bibi yake alifanya hivyo kwa wazee waliotangulia, pale kwenye kizingiti, mpaka alipobatizwa. Akasema baada ya ubatizo bibi aliacha kuweka chakula, lakini hakuacha kusimama pale kizingitini kabla ya kula. Alisimama tu, mikono mitupu, kisha akaja kukaa. Yeye alikuwa mtoto na hakuwahi kumuuliza kwa nini.

Mvua ilikuwa inanyesha kama leo.

Alipomaliza alinawa, akachukua fimbo. Mlangoni akasimama, amenipa mgongo, akitazama barabara.

"Mimi nilikuwa na wanywani wawili," alisema. "Wote wametangulia. Siku yangu ikifika hakuna wa kukaa na wanangu kwenye nyasi." Akagonga kizingiti kwa fimbo. "Wewe uje ukae."

Deo, huyu ndiye aliyesema maharage yataaibisha ukoo.

Nilimwambia nitakuja. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyenunua chumvi akapewa kipimo sawa, akashuka ngazi, akafungua mwavuli.

Wanangu wanataka tuhamie kwao Dar es Salaam. Wanasema Bukoba hatuna mtu tena, wenzetu wote wameondoka. Kila Jumapili wanapiga simu kuuliza tumeamua nini. Jana nimewajibu. Nimewaambia nimealikwa mahali, siku yenyewe haijapangwa, na aliyenialika ni mzee wangu, siwezi kumkosa.

Pumzika, ndugu yangu. Siku hiyo ikifika nitavua viatu, nitakaa na watoto wake, na nitakula watakachonipa mkononi.

Wako,
Kishor