Raundi Hii Tu

Amagasaki, 9 Novemba 1996

Dada yangu Fusae,

Kwa heshima na taadhima nakutangazia kwamba mdogo wako Tatsuo ameshika nafasi ya pili kwenye mashine namba saba, katika jumba la michezo nyuma ya stesheni. Hakuna bendera iliyopandishwa. Baada ya tangazo hilo, nakusalimu. Goti linaendeleaje na baridi ya huko Akita? Shemeji ameacha sigara, au bado anaziacha kila Jumatatu? Mimi mzima, nakula, ingawa ni tambi zile zile.

Uliniuliza mtu wa miaka thelathini na nne anafuata nini kwenye mchezo wa watoto. Nikueleze. Matone ya rangi huanguka kutoka juu ya skrini, mawili mawili. Unayageuza, unayapanga, manne ya rangi moja yakigusana, yanapotea. Mjinga hufuta manne manne, upesi upesi. Fundi huvumilia, hurundika mpaka karibu na dari, kisha huangusha tone moja tu: mekundu yanafutika, ya juu yanashuka na kukuta wenzao, nayo yanafutika, mnyororo mzima, na mpinzani anamwagiwa mawe ya kijivu upande wake. Mpinzani mwenyewe hukaa nyuma ya mashine. Uso wake huuoni, unaona viatu.

Mama nilimfundisha wodini kwa peremende za rangi, juu ya sinia la chakula. Alishika haraka, ila za kijani alikuwa anazila. Nilipomwambia asifute mapema, angoje, alicheka. “Tatsuo, wewe tangu utoto ni kungoja tu. Hata mke unangoja akuangukie kutoka juu!” Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka mpaka muuguzi akaja.

Sasa dada, siku ya arobaini na tisa tangu mama atutoke, siku ya kumwombea, ni wiki ijayo. Utakuja, tutakaa mbele ya picha yake, na siwezi kukaa hapo na uongo wangu wa msibani. Nilikwambia treni ilichelewa. Katika nchi hii treni ikichelewa dakika tano tu, stesheni wanakupa karatasi ya kuomba radhi. Wewe hukuniuliza karatasi. Uliinamisha kichwa, na tangu siku ile barua zako zimekuwa fupi.

Sikuwa kwenye treni. Nilikuwa nimekaa kwenye mashine namba saba. Saa tisa kamili alasiri Mama Okubo, anayechenji sarafu pale, aliniinamia sikioni: hospitali wamepiga simu, nenda sasa hivi. Nilijua maana yake. Lakini sisi wachezaji tuna mwiko wetu: humwachi mwenzako katikati ya mchezo. Kuinuka ni kumtemea mate usoni, hata kama uso wenyewe hujauona. Nikamwambia, “Raundi hii tu.”

Raundi hiyo nikashindwa, tukawa sare, ikabidi ya tatu. Mama Okubo akarudi, safari hii kwa kelele. “We mwanamume, una akili? Ni mama yako!” Nikamjibu nimesikia, na mikono ikaendelea. Mara upande wa pili ukajaa, nikashinda. Dada, nilifurahi. Lazima nikwambie na hilo.

Yule mpinzani akazunguka mashine. Mtu mzima, amevaa aproni ya mgahawa. Akasema, “Bwana, nilipomsikia yule mama nikaachia mikono ili uende. Ulikuwa unacheza peke yako. Mbona hukuinuka?” Akanishika bega, akanisukuma mpaka mlangoni.

Mama nilimkuta amefunikwa kitambaa cheupe usoni. Muuguzi alisema amekata roho saa tisa na dakika kumi, na kwamba alikuwa anatazama mlango.

Njoo na hasira zako zote, wala usizipunguze njiani. Nimeshakutandikia chumba cha mama. Msalimie shemeji, na Chizuru umwambie mjomba anamkumbuka. Jifunike goti.

Ni mimi mdogo wako,
Tatsuo

Nyongeza: Kutoka kwenye ile mashine hadi kitandani kwa mama ni dakika nne kwa miguu, pamoja na ngazi. Nimepima mara mbili.