Neno Walilomvua Eliseo

Mtaa wa Colón, nyumba ya 42,
Sagua la Grande,
Kuba.
17 Novemba 1983

Mpendwa mdogo wangu Fermín,

Salamu nyingi zikufikie hapo Tampa, wewe na wifi yangu Odalys. Mgongo wake umemwachia, au bado analala sakafuni? Huku tupo. Goti langu la kushoto linaijua mvua siku mbili kabla haijanyesha. Miwani uliyonitumia kwa yule mama wa Placetas ilifika salama, sasa natia uzi kwenye sindano bila kumwita mtu. Kahawa ilifika nusu. Sitaki kujua nusu nyingine ilinywewa na nani.

Habari kubwa ni kwamba vibali vya kaka Eliseo vimetoka. Ataondoka tarehe 6 Desemba kuja huko Marekani kupitia Panama, na binti yake atampokea. Najua Mayra ameshakupigia simu kwa furaha. Lakini kuna jambo Mayra halijui, maana baba yake hakumwandikia, na nataka ulijue wewe kabla hajafika.

Alipoomba kuondoka, Machi mwaka jana, kaka alikuwa mpishi mkuu wa sukari pale kiwandani, mwaka wake wa thelathini na tatu kwenye matangi. Hakuomba kwa ajili ya siasa. Tangu tumzike mkewe Zenaida nyumba ilimwelemea, na Mayra ana watoto wawili ambao babu yao anawajua kwa picha tu. Sababu hiyohiyo ndiyo aliyoiandika kwenye fomu.

Juma lililofuata kukawa na mkutano wa zamu. Aliyesoma majina ni Rigoberto, mkuu wa zamu. Unamkumbuka, kaka ndiye aliyemfundisha kuipima sukari kwa kidole gumba, naye ndiye aliyemsimamia Mayra kwenye ubatizo. Akasoma kama siku zote: mwenzetu Arsenio, mwenzetu Heriberto, mwenzetu Ubaldo. Alipofika kwa kaka akasema, "Bwana Eliseo Quintero."

Kaka aligeuka nyuma kama anayemtafuta mtu.

"Bwana yupi? Yule mwenye kiwanda wa zamani amerudi?"

Watu wawili wakaanza kucheka, wakajizuia.

"Ni wewe," Rigoberto akasema, macho kwenye karatasi. "Usinitie matatani, Eliseo. Mwenzetu ni yule anayebaki."

"Na miaka thelathini na tatu nilikuwa nakaa wapi, we kijana?"

Rigoberto akasoma jina linalofuata.

Siku ya pili kaka alipewa ufagio, akapelekwa kwenye uwanja wa makapi ya miwa. Kwa kazi hakulalamika. Alisema makapi hayasumbui kama wajumbe wa mkutano. Ila lile neno lilimkaa kifuani. Wewe umeondoka zamani, huenda umesahau uzito wake. Ukiitwa mwenzetu, uko ndani. Ukiitwa bwana, umeonyeshwa mlango. Ukiitwa raia, ujue polisi ameshatoa kalamu. Barua ya kamati ya mtaa ilipokuja, juu iliandikwa "Raia Quintero", naye akaikunja bila kuimaliza, akaiweka chini ya mguu wa meza unaoyumba.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba neno lile hakupewa na serikali hii. Alilisema tangu ujanani, kwenye chama cha wafanyakazi, enzi ambazo kumwita mtu "mwenzetu" mbele ya msimamizi kulikugharimu kibarua. Muuza mkate, daktari, dereva, hata mbwa wa jirani yangu Hortensia, kwake wote walikuwa wenzetu.

Sasa nifike pagumu, Fermín, na usinikatishe kwa kuruka mistari.

Mwezi wa Septemba alikuja mkaguzi jikoni kwetu shuleni, mama mmoja wa mkoani, mpole, ana daftari. Kaka alikuwa ameniletea magimbi, amesimama kwenye mlango wa nyuma. Yule mama akauliza tu, kwa wema, "Huyo mwenzetu ni nani?"

Nami nikajibu, "Si mwenzetu. Yule bwana ni kaka yangu, anaondoka nchini."

Hakuna aliyeniuliza hayo yote. Mkaguzi alikuwa amempa kaka neno lake bure, bila kumjua, na mimi dada yake nikamvua. Niliogopa kazi yangu, ndiyo, lakini ulimi ulitangulia hata woga. Kaka aliweka magimbi chini, akaondoka.

Majuma yaliyofuata aliendelea kuja, akala wali na maharagwe meusi mezani kwangu, akauliza kuhusu goti. Mimi nilikuwa namtazama shati, si uso. Jumapili iliyopita nilikuwa nikimpunguzia suruali ya safari, nikashindwa kuendelea.

"Kaka, ile siku jikoni..."

"Nilisikia."

"Mbona hukusema kitu?"

"Niseme nini? Uliogopa. Mimi mwenyewe nisingependa watoto wale wakose mpishi." Akaunyoosha mguu wa suruali mezani. "Ulisema ni kaka yako. Rigoberto hajathubutu kumwambia mtu hata kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kazi."

"Lakini nilisema na lile lingine."

"Ulisema. Basi, shona, Nere. Mguu mmoja umekuwa mfupi."

Nililia mpaka miwani yako ikanilazimu kuivua. Suruali nimeifumua na kuishona upya.

Rigoberto hajaja kuaga. Mkewe alipitisha chupa ya asali juu ya ukuta, hakusema imetoka kwa nani.

Ninachokuomba ni hiki. Nasikia huko kwenu neno hilo la mwenzetu limekuwa tusi, kwamba mtu akilitamka mkahawani watu wanaacha kula. Najua pia marafiki zako wa domino walinyang'anywa mali huku, na wana haki ya uchungu wao. Lakini kaka ana miaka hamsini na minane, habadiliki. Atamwambia mhudumu, "Mwenzangu, niongezee kahawa." Atamwita hivyo dereva wa basi, na huyo rafiki yako mwenye duka la viatu. Usimkanyage mguu chini ya meza. Usimwambie, "Huku hatusemi hivyo." Na wakikugeukia wakuulize huyu ni nani, sema ni kaka yako, halafu unyamaze. Usiongeze neno, kama nilivyoongeza mimi.

Nisalimie Odalys, Mayra na watoto wake, na shangazi Eduvigis kama bado anakumbuka majina. Hortensia anakusalimu, anasema bado una sufuria yake. Bikira Maria wa Caridad awafunike wote mlioko huko, na amfikishe kaka mikononi mwenu mzima.

Ni mimi dada yako akupendaye hata usipoandika,

Nereida