London ya Baba

Jumatatu, 3 Novemba

Uji umepoa tena mezani. Baba hali mpaka aambiwe kama king'ora cha kiwanda alichofanyia kazi ujanani kimelia au bado. Hakuna kiwanda. Kilibomolewa zamani, pamejengwa maghorofa ya vioo. Leo nilimwambia ukweli, kwa sababu nilikuwa nachelewa. Alilia kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Kisha akasahau, akauliza tena.

Nimechoka. Kutwa nahudumia wazee wa watu kwenye nyumba ya wazee huko Edmonton, kaskazini mwa London, halafu narudi kumhudumia wangu.

Jumatano, 5 Novemba

Baba hayupo.

Mama Achieng', jirani yetu Mkenya anayeshinda naye nikiwa kazini, aliingia chooni. Alipotoka mlango ulikuwa wazi. Alinipigia huku analia. Simlaumu. Namlaumu. Sijui.

Polisi wamekuja, wawili, wapole. Wakauliza hupenda kwenda wapi. Nikasema msikitini, sokoni Walthamstow, maktaba. Wakaandika.

Jioni fataki za sherehe ya Waingereza ya kila tarehe tano Novemba zikaanza kulipuka kila upande. Baba hushtuka hata mlango ukibamizwa. Kila mlipuko nauona uso wake. Hakuchukua koti.

Alhamisi, 6 Novemba

Msikitini hayupo. Sokoni hayupo, nimeuliza kila meza ya samaki na kila duka la vitambaa. Mvua tupu.

Dada Zuhura amepiga kutoka Tanga. "Umempotezaje mtu mzima?" Nikakata simu.

Nimeomba dua mpaka maneno yameniishia.

Njiani kurudi, kitu kikanijia. Soko, msikiti, maktaba: hizo ni sehemu zangu mimi. Yeye nilikuwa nampeleka tu. Baba akiamka asubuhi anaamka katika mji mwingine, mji wa ujana wake, na huo mimi siujui. Sijui hata lango la kiwanda lilikuwa upande gani.

Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi nilikwenda Stratford kwa Mzee Kombo, Mzanzibari aliyefanya kazi na Baba kwenye kile kiwanda cha samani. Anatembea kwa fimbo mbili. Alianza kuvaa viatu kabla sijamaliza kusema.

Tulianzia kiwandani, kando ya mto Lea. Akasimama katikati ya maghorofa, anajigeuza huku na huku. "Lango lilikuwa hapa. Au pale. Wallahi, mwanangu, hawa wamelihamisha hata jua."

Hapo nikaogopa kweli. Ikiwa yeye mwenye akili zake timamu amepotea, Baba je?

Sinema waliyokuwa wakienda sasa ni duka la mazulia. Chumba walichopanga pamoja hakipo, wala mtaa wenyewe haupo. Barabara kuu imepita juu yake. Kila mahali niliita "Baba!" mbele ya watu wanaokunywa kahawa zao. Wengine wakaangalia simu.

Nikakaa chini, kwenye lami iliyolowa. Nikamwambia Mzee Kombo kwamba Baba amekufa, tukubali tu. Alinikaripia kama mtoto.

"Nyamaza! Inuka. Chumba chetu hakikuwa na maji. Wajua tukikoga wapi?"

Bafu la umma. Kila wiki walikuwa wakijipanga nje, wafanyakazi wote wa mtaa, taulo mabegani. Miaka yote hii nimepita mbele ya jengo lile kwa basi bila kujua lilikuwa nini. Bado lipo, la matofali mekundu, siku hizi ni makazi ya watu. Tukalizunguka. Nyuma, karibu na mapipa ya taka, kuna mlango mdogo uliozibwa, na juu yake jiwe limechongwa maneno kwamba huo ni upande wa wanaume.

Baba alikuwa ameketi chini ya jiwe hilo. Amejifunika maboksi. Midomo ya kijivu, suruali imelowa chapachapa. Mzima. Nikapiga simu kuita gari la wagonjwa.

Hakunitazama mimi. Alimtazama Mzee Kombo.

"Kombo, foleni haisogei," alisema.

"Itasogea, ndugu yangu," akajibu Mzee Kombo. Akavua koti lake, akamfunika, akajishusha kwa tabu mpaka chini, wakakaa bega kwa bega kwenye foleni yao mpaka gari la wagonjwa likafika.

Jumapili, 9 Novemba

Hospitali. Ni homa ya mapafu, lakini leo anapumua vizuri kuliko jana. Daktari anataka tuzungumze kama Baba anaweza kurudi nyumbani au atafutiwe mahali pa kutunzwa. Sijui nitasema nini.

Mzee Kombo amekuja kumtazama. Wamelala wote wawili, mmoja kitandani, mmoja kitini.

Adhuhuri Baba alifungua macho, akaniita kwa jina langu, Rehema. Akageukia dirishani, akatazama minara ya vioo na kreni kwa muda mrefu. Akauliza hapa ni wapi. Nikasema ni London, Baba.

Akatikisa kichwa, taratibu, kama anayenionea huruma.

"Hapana, mwanangu. London naijua."

Nikasogeza kiti changu upande ule anaotazama.