Jarida la Nusu Bei

Kawe, 7 Julai 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku kwangu sote hatujambo, wasiwasi wetu ni wewe tu. Nakuandikia kwenye simu maana kukupigia ni kupiga kelele bure, masikio yako tunayajua. Jirani yako Zuena ameniambia lori la kokoto lilikukosakosa ukivuka barabara kwenda kwenye meza ya magazeti. Anasema dereva alipiga honi hadi akachoka, na wewe hukugeuka.

Baba, kuna jarida la habari la kila wiki. Anayelipia mwaka mzima anauziwa nusu bei, na bodaboda analileta mpaka getini. Utasoma ukiwa umekaa, tena na kurasa za ndani, siyo vichwa vya habari peke yake. Unaonaje?

Binti yako,
Demetria

Kinyerezi, 9 Julai

Mwanangu Demetria,

Marahaba. Mie mzima, goti tu ndilo lenye maneno. Zuena naye anaongeza chumvi, lile lori lilikuwa mbali.

Rahisi ghali, mwanangu. Pale mezani vichwa vya habari nasoma bure, nimesimama na Mfaume na Sebastian, na tunabishana mpaka jua linatuchoma utosi. Sebastian hajui lolote, ndiyo maana nampenda. Tangu mama yako atutoke, sina mahali pengine pa kuongea na watu. Hilo jarida nitabishana nalo vipi?

Baba yako

Kawe, 9 Julai

Shikamoo Baba. Nimeuliza, wanatoa mwezi mmoja wa kujaribu, ukiisha ndipo tunaamua kulipia au kuacha. Nimeshakuandikisha. Ila nakuomba kitu kimoja: mwezi huu usivuke ile barabara. Mama nilimzika mwaka juzi, na wewe bado siwezi.

Demetria wako

Kinyerezi, 23 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini hamjambo wote. Jarida limeshakuja mara mbili. Karatasi nzuri, inanukia upya. La kwanza nililimaliza kabla ya saa sita, na matangazo ya viwanja nikayasoma pia. Kisha nikakaa. Nilikuwa na hoja nzuri sana, nikawaeleza kuku wa Zuena.

Ombi lako nimeliheshimu, sijavuka. Lakini chakula hakina ladha na nyumba imekuwa kubwa. Sikulaumu, nakwambia ilivyo tu.

Baba yako

Kawe, 5 Agosti

Shikamoo Baba. Hali yako? Ujumbe wa juzi na wa jana hujajibu, na Zuena amesafiri kwao Lindi, sina wa kumtuma. Punguzo linaisha kesho na mie nimeamua tuliache hilo jarida. Nilitaka kukukinga na lori, nikakufungia ndani. Rudi mezani kwako, tutatafuta mtu wa kukuvusha. Ila nijibu, hata neno moja. Naogopa, Baba. Jumamosi nakuja.

Demetria

Kinyerezi, 6 Agosti

Mwanangu Demetria,

Marahaba, na unisamehe. Sebastian aliikalia simu kwenye kochi, chaji ikaisha, na mie kwa wageni sikupata nafasi hata ya kuitafuta.

Wiki iliyopita walivuka barabara wao, yeye na Mfaume na wenzetu wote wa mezani, wamevaa mashati ya msibani, Mfaume ameshika bahasha ya rambirambi. Kwa kutoniona muda wote ule walishakubaliana kwamba nimekufa, jambo la kwanza hao kukubaliana. Wakanikuta kibarazani na singlendi, nasoma. Sebastian alilia, kisha akanisema kwa kumchosha bure. Rambirambi zangu tukanunulia sukari na maandazi.

Ndipo wakaliona jarida. Nilitaka kulifungua, Mfaume akanishika mkono.

“Mzee Gozbert, ukifungua ndani ubishi unaisha.”

Basi tukabishania jalada hadi adhuhuri. Tangu siku hiyo wanakuja kila asubuhi, maana wao honi wanazisikia. Toleo la wiki hii bado hakuna aliyelifungua.

Kwa hiyo lipia, mwanangu, leo hii kabla punguzo halijaisha. Chakula nakula. Vikombe vya mama yako, vile tulivyovifungia kabatini baada ya arobaini, nimevitoa vyote na havitoshi. Jumamosi ukija, njoo na kikombe chako.

Baba yako